Habari ya mtaani ina mwenyewe

Ukihamia mji kama Korogwe, huhitaji redio kujua nani anaumwa, nani kafunga duka na maji yamekatika mtaa gani. Habari zitakukuta gengeni, saluni, kwenye kijiwe cha bodaboda. Shida ni kwamba nyingi zinakufikia zikiwa zimeshatiwa chumvi. Nimeishi hapa miaka mingi, na mgeni akiniuliza, hasa mwalimu au muuguzi aliyepangiwa kazi huku, namwambia hivi: kila habari ina mwenyewe. Mfuate huyo kabla hujaisambaza.

Anza kwa kujitambulisha kwa mjumbe wa nyumba kumi, kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Usingoje hadi siku unayotaka barua ya kuombea kitambulisho cha NIDA. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi, mara ya mwisho Novemba 27, 2024. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Ugomvi wa mipaka na ulinzi wa usiku muulize mwenyekiti. Matangazo ya halmashauri muulize mtendaji.

Kuna wakati ulivuma uvumi kwamba vibanda vya jirani na stendi vinavunjwa kesho yake. Ujumbe ulizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp usiku kucha. Jirani yangu anayeuza mitumba alianza kufungasha mizigo alfajiri, na mwenzake akauza nyanya zake kwa bei ya kutupa. Tulipokwenda ofisini kuuliza, kumbe waliopita na futi walikuwa wanapima mtaro. Hasara ile hakuna aliyeifidia, na inaniuma mpaka leo, kwa sababu ofisi yenyewe iko mwendo wa dakika chache tu kutoka stendi.

Habari ya msiba ndiyo inayotaka uangalifu kuliko zote. Mgonjwa bado yuko wodini, tayari kuna mtu ameandika "pumzika kwa amani", na mtoto wake aliyeko Dar es Salaam anausoma ujumbe akiwa ndani ya daladala. Usifanye hivyo hata kama una hakika. Ngoja familia itangaze. Utasikia kwenye kipaza sauti cha msikiti, au kanisani, au mjumbe atapita nyumba kwa nyumba.

Ikishatangazwa, nenda, hata kama marehemu humjui. Kwa Waislamu usichelewe, maana mara nyingi maziko ni siku hiyo hiyo. Wakristo huweza kusubiri siku kadhaa ndugu wa mbali wafike. Mwanamke ajifunge kanga aingie jikoni, hata kumenya vitunguu ni kazi. Mwanaume asikae tu kwenye turubai. Ashike jembe kaburini. Karibu na mlango utaona meza na daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula, upande mmoja majina, upande mwingine kiasi. Elfu mbili yako itaandikwa kama inavyoandikwa laki ya mwenye duka la jumla, na jumla itasomwa mbele ya watu. Mimi naamini mgeni anakuwa mwenyeji siku jina lake linapoingia kwenye daftari lile. Baada ya hapo watu watakupa habari zao wenyewe, bila kupitia kwa mtu wa tatu.

Halafu kuna mkutano wa mtaa. Wengi huuona ni wa wazee, na ndio hao hao wanaolalamika baadaye kwamba hawakujua michango imekwenda wapi. Mapato na matumizi husomwa pale, ukiwa na swali, nyoosha mkono useme, "Mwenyekiti, naomba ufafanuzi." Na usiondoke kabla ya ajenda ya mengineyo. Hapo ndipo inapotajwa nyumba inayomwaga maji machafu mtaroni, taa iliyoungua kwenye uchochoro, na mzee anayeishi peke yake ambaye siku hizi haonekani barazani.