Jibu: Miezi 3 ya kushona itawatoa vijana wa Kadutu, mjini Bukavu (Kongo), kwenye bunduki?

Ndugu, kushona peke yake hapana. Kule Monrovia, Liberia, wanaume 999 walijaribiwa: wengine mafunzo ya tabia ya wiki 8, wengine dola 200, wengine vyote viwili. Waliopata vyote ndio waliopunguza wizi na ugomvi kwa muda mrefu. Pesa tupu nguvu yake iliisha upesi.

Vikundi vilikuwa vya watu 20 hivi, mara 3 kwa wiki, vikiongozwa na waliowahi kuishi maisha hayo wakayaacha. Kwa viongozi wa aina hiyo msibane matumizi: mhubiri hawatamsikiliza. Fanyeni mazoezi ya kutuliza hasira, kunyoa, kwenda sokoni na kuongea na watu.

Mashini ya kushona msiigawe siku ya cheti, itauzwa soko la Nyawera. Mpeni mwenye wateja tayari.