Difu inavuja? Fungua brida kabla ya kununua sili

Lori limelala Malaba usiku mmoja, asubuhi kuna doa jeusi chini ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Neno la kwanza la gereji linajulikana: "Sili imekufa." Sili, yaani pete ya mpira inayozuia oili isitoke, inanunuliwa, inagongwa mahali pake, na baada ya safari mbili doa limerudi palepale. Mara nyingi sili ile ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inasukumwa kutoka ndani.

Juu ya hauzingi (ganda la chuma) ya ekseli kuna kikofia kidogo cha chuma, wengi tunakiita brida. Hapo ndipo difu inapopumulia. Ukipanda milima ya Kabale na mzigo mzito, oili inapata moto sana, na hewa iliyo juu yake inapanuka na kutafuta pa kutokea. Maramu nyekundu ikirukia brida ikiwa tope na kukauka, inashika kama saruji. Hewa ikinyimwa mlango wake inajifungulia mwingine: mdomo wa sili ya pinioni (pale propela inapoingilia difu) au sili ya habu (kitovu cha gurudumu), na oili inafuatana nayo. Ukiingia kwenye maji ya mafuriko difu ikiwa bado moto, mambo yanageuka. Hauzingi inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na difu inafyonza maji kupitia sili zilezile.

Kuna dalili moja isiyodanganya. Ukisimama baada ya safari, legeza nati ya kujazia oili taratibu, uso ukiwa mbali. Ikilia "psss", brida imeziba. Itoe, iloweke kwenye dizeli, ipulize kwa hewa. Kikofia chake lazima kizunguke na kuchezacheza. Kikigoma, weka mpya, ni kitu cha bei ndogo. Malori yanayopita kwenye maji mara kwa mara, kama yale ya mchanga, yafungiwe paipu ya hewa kutoka kwenye tundu la brida hadi juu ya chesisi, mdomo wake ukitazama chini.

Brida ikiwa safi na uvujaji ukaendelea, sasa tafuta unakotoka. Usiamini doa la chini. Upepo wa safari unarudisha oili nyuma, kwa hiyo chanzo ni sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa yenye unyevu. Osha difu yote kwa dizeli kisha maji ya sabuni, ikaushe, ipake poda ya mtoto au unga wa muhogo, tembeza lori kilomita 20 au 30. Mstari wa oili utajichora wenyewe juu ya poda. Nusa pia: oili ya difu ina harufu kali ya salfa inayofanana na yai bovu, grisi ya habu haina. Unyevu mwembamba ulioshika vumbi bila kudondosha uache, ukiuchunguza kila wiki. Tone linaloanguka ndilo kazi.

Kama ni sili ya pinioni, kabla hujagusa spana shika propela, shafti ndefu inayotoka giaboksi, karibu na difu, itikise juu na chini, kisha isukume na kuivuta. Ikicheza, beringi zimechoka, na sili mpya haitamaliza mwezi kwa sababu shafti inayoyumba inaukata mdomo wake. Hapo kichwa cha difu, yaani gia zote za kati, kinashuka, hakuna njia ya mkato. Isipocheza, toa flenji, sahani ya pinioni inayofungiwa propela, na upitishe ukucha pale sili inapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, flenji hiyo imekwisha. Badilisha, au ivalishe bushi nyembamba ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mkwaruzo mwepesi unatosha kupigwa msasa laini kwa kuzunguka, usiupige kwa urefu, maana mistari ya urefu inaitoa oili nje.

Sili haiingizwi kwa kugonga pembeni na nyundo. Tafuta kipande cha bomba chenye kipenyo cha ukingo wake, kiwekee ubao, gonga katikati mpaka ikae sawa pande zote. Paka mdomo oili au grisi kidogo, kwa sababu sili inayoanza kazi kavu inaungua katika dakika za kwanza. Nati ya pinioni ya lori kubwa inaweza kutaka nguvu ya kukaza ya zaidi ya Nm 1,000. Bomba refu na taniboi wawili wa kulining'inia si kipimo. Kwenye pikapu na baadhi ya malori madogo kuna bushi inayobonyezwa na nati hiyo hiyo. Ukizidisha, umezibana beringi na zitaungua njiani.

Sili ya habu ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu oili yake inaishia kwenye breki. Utaona ukuta wa ndani wa tairi umelowa, au lori linavuta upande mmoja ukikanyaga. Wapo wanaoziosha lainingi za breki kwa petroli na kuzirudisha. Usikubali. Zimeinywa oili, na moto wa mteremko wa kwanza utaitoa tena. Tupa, na ubadilishe pande zote mbili za ekseli hiyo, sivyo breki zitatofautiana. Hafshafti, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu, ikivuja kwenye flenji yake, safisha nyuso mpaka chuma king'ae, pitisha uzi wa silikoni wa mm 3 usiokatika, zungusha kila tundu la bolti, kisha kaza kwa mtindo wa msalaba. Silikoni nyingi haizibi vizuri zaidi. Inakatika vipande na kuogelea ndani.

Baada ya kufungua habu inayolainishwa na oili ya difu, kujaza katikati peke yake hakutoshi. Jaza mpaka usawa, inua upande mmoja wa ekseli kama sentimita 15 kwa dakika moja ili oili itiririke hadi habu ya pili, fanya vivyo hivyo upande wa pili, shusha, subiri, jaza tena. Anayeruka hatua hii anaanza safari na beringi kavu.

Kipimo cha oili ni ukingo wa chini wa tundu la kujazia, lori likiwa pahali tambarare. Kuigusa kwa ncha ya kidole si kujaa. Lazima ifike ukingoni kabisa. Kujaza kupita hapo nako ni kosa, kwa kuwa oili itapiga povu, itapata moto na kutafuta njia ya kutoka. Lori lenye habu za gia, yaani zenye gia zake ndani, kila habu ina oili yake na nati yake, na hizi husahaulika kuliko zote.

Nunua oili ya daraja la GL-5, uzito wa 80W-90 au 85W-140 kulingana na kitabu cha lori. Meno ya gia za difu huteleza na kusuguana zinaposhikana, na oili ya injini inabanduka hapo. Ila usiimimine GL-5 kwenye giaboksi bila kitabu kuruhusu, kwani salfa yake inaweza kula shaba ya sinkronaiza, zile pete zinazosaidia gia kuingia bila kugonga.

Mwaga oili ikiwa moto, na uiangalie nati ya chini yenye sumaku. Tope laini la kijivu kama grisi ni kuchakaa kwa kawaida. Vipande unavyovihisi kati ya vidole ni meno ya gia au beringi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji: mwaga, suuza kwa oili safi ya aina hiyo hiyo, usitumie mafuta ya taa, kisha jaza upya. Kwa mizigo na barabara zetu, kubadilisha kila kilomita 40,000 au mara moja kwa mwaka si anasa, na difu iliyotengenezwa upya imwagwe ndani ya kilomita 5,000 za kwanza. Unaponunua difu iliyotumika, fungua uchungulie. Maganda ya ndizi na vumbi la mbao yamewahi kutiwa ndani ili difu ilale kimya siku ya kuuzwa.

Ukikwama kwenye tope, weka loki ya difu, inayolazimisha tairi za pande zote mbili kuzunguka pamoja, kabla tairi haijaanza kuzunguka bure, na uitoe ukirudi kwenye lami. Kwenye lori la difu mbili, usichanganye tairi mpya na kipara kati ya ekseli, maana difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya ekseli hizo mbili, itafanya kazi safari nzima bila kupumzika.

Baada ya matengenezo yoyote, simama baada ya kilomita 50 za kwanza na usogeze mgongo wa mkono karibu na kila habu, bila kugusa kwanza. Ikiwa moja ina moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, usiondoke hapo kabla hujaifungua.