Nyumbu wa Mara: Desemba utakuwa umechelewa

Dada, umeuliza kama ukitoka Kisumu na watoto Desemba mtaona nyumbu wakivuka Mto Mara. Desemba hapana. Kufikia Novemba kundi kubwa huwa limesharudi Serengeti kufuata mvua. Simba na ndovu mtawapata, maana hao wapo mwaka mzima, lakini kuvuka kwenyewe hamtaona.

Panga Agosti shule zikifungwa. Mimi ningependa Septemba, magari hupungua kidogo kando ya mto, ila najua mambo ya shule. Julai ni kubahatisha, kuna mwaka wanachelewa. Na hata Agosti hakuna ratiba: wanajazana ukingoni saa nzima, wa mbele ananusa maji, vumbi linapanda, halafu pundamilia mmoja anashtuka na wote wanageuka nyuma. Kwa hivyo laleni huko siku mbili tatu, msiende na kurudi siku hiyo hiyo.

Halafu usizunguke Narok bure. Pitia Kisii, Kilgoris na Lolgorien, uingilie lango la Oloololo la hifadhi ya Maasai Mara. Upande huo mvua ya alasiri hupiga hata Agosti, na ule udongo mweusi hunasa magari madogo vibaya, kwa hivyo tafuta gari linalovuta magurudumu yote manne. Njia ya Njoro na Mau Narok waachie watu wa Nakuru.

Akikuambia mtu Aprili ni bei nafuu, ni kweli, lakini nyumbu wakati huo wako Tanzania.