Maswali na majibu: gari la zamani lililolala miaka mingi

Barua nyingi za safari hii zinahusu magari ya kale yaliyosimama mpaka matairi yakakaa chini. Tumechagua tano. Majibu yametoka kwa mafundi wetu wa injini za kabureta.

Swali: Ndugu wahariri, salaam. Nimeachiwa na mjomba Land Rover Series IIA ya petroli, injini ya lita 2.25. Imelala bandani zaidi ya miaka kumi na mitano. Betri mpya nimeshanunua, na vijana nyumbani wanasubiri kwa hamu kusikia mlio. Nianzie wapi?

Jibu: Hongera kwa urithi huo, lakini betri hiyo iweke pembeni kwanza. Injini iliyolala muda huo haina oili kwenye kuta za silinda. Yote imeshashuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeshikwa na kutu, na valvu moja au mbili zimeganda. Stata haijui hayo. Ina nguvu za kuvunja ringi au kupinda pushrodi (fimbo inayosukuma valvu) kabla hujatoa mkono kwenye ufunguo.

Fungua plagi zote nne na uzipange kwa namba za silinda. Plagi yenye kutu kwenye ncha inakuonyesha silinda iliyoingia unyevu. Mimina oili nyepesi mililita 10 hadi 15 katika kila tundu, kisha iache siku mbili ipenye.

Huku ukisubiri, mwaga oili ya zamani. Legeza bolti ya sampu taratibu na uangalie kitakachotangulia: maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hukaa chini na kutoka kwanza. Matone machache ni jasho la injini tu. Kikombe kizima, au oili yenye rangi ya maziwa, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi (kifuniko cha juu ya silinda) iliyoachia au hedi yenye ufa, na hapo usiendelee mpaka umejua chanzo. Badilisha na filta. Kwenye injini hii filta ya asili hukaa ndani ya kopo lake, na mpira wa kuzuia oili hukaa kwenye mfereji juu ya kopo. Mpira wa zamani hukauka ukafanana kabisa na chuma. Ukiuweka mpya juu yake bila kuung'oa ule wa kwanza, oili itamwagika yote mara injini ikiwaka. Uchokoe kwa bisibisi ndogo mpaka uone chuma kitupu. Kisha tia oili mpya ya 20W-50 mpaka alama ya juu ya dipstiki.

Sasa fungua tapeti kava, kifuniko cha juu kabisa cha injini. Toa viota vya panya kama vipo, mwagia oili roka (mikono inayobonyeza valvu) na springi zote, halafu zungusha injini kwa hendeli, gia ikiwa huru. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, hendeli ikirudi kwa nguvu isikuvunje. Mwenzako asimame akitazama valvu: kila moja lazima ishuke na ipande. Iliyoshuka ikabaki chini, simama hapo hapo. Ipulizie oili ya kulegeza kutu kwenye shina lake, ngoja, igongegonge kwa nyundo ya plastiki mpaka irudi yenyewe.

Ikizunguka duru kadhaa bila kukwama, ndipo betri iingie. Kabla ya kuifunga angalia waya upi unakwenda kwenye bodi. Land Rover hizi, hadi takriban 1967, zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo ya bodi, kinyume cha magari ya leo. Ikiwa mtu alishaifungia altaneta (kifaa cha kisasa cha kuchaji betri) badala ya dainamo, huenda alishabadilisha, kwa hiyo soma waya zenyewe, usifuate mazoea. Plagi zikiwa bado nje na matundu yamefunikwa kitambaa, piga stata sekunde kumi, pumzisha, rudia, mpaka taa ya oili izime. Ikikataa kuzima, usirudishe plagi.

Swali: Peugeot 404 ya baba imekamata kabisa. Nimetia spana ndefu mbele ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), haisogei hata kidogo. Jirani anashauri tuiweke gia ya tatu tuivute kwa lori.

Jibu: Tafadhali msiivute. Pistoni iliyoshikwa na kutu ikilazimishwa hivyo huvunjika ringi, au konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) hupinda, na kazi ya chupa moja ya dawa inageuka kuwa ya kufumua injini yote.

Kwanza hakikisha kilichokamata ni injini. Weka gia huru, legeza feni belti, maana pampu ya maji au dainamo iliyoganda huweza kushikilia kila kitu. Fungua na stata, kwani meno yake huweza kuwa yamebaki ndani ya flaiwili, gurudumu zito lililo nyuma ya krenki. Bado haisogei? Changanya oili ya gia boksi ya otomatiki na asetoni, kiasi sawa kwa sawa. Vitu hivi viwili hujitenga, kwa hiyo tikisa chupa kila unapotumia, na usiwe karibu na moto wala sigara. Mimina mililita 30 kila silinda, ongeza kila siku kadiri inavyopenya, kwa wiki moja hadi mbili. Kila jioni jaribu kwa spana, kwa nguvu ya kusukuma polepole, bila kugonga wala kurukia. Ikisogea unene wa ukucha, irudishe ilikotoka, kisha usonge tena mbele. Ukisukuma kwa pupa kutu hujisokota kati ya ringi na silinda, ikakwama upya.

Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, silinda hedi ishuke. Hapa 404 inahitaji uangalifu wa pekee: slivu zake (mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) hazikumiminwa pamoja na bloku, zinakaa zenyewe juu ya sili zao, zimezungukwa na maji, na kinachozishikilia ni hedi. Ukiiondoa, zibane mara moja kwa bolti na washa pana kabla ya kugusa krenki. Slivu ikiinuka kidogo tu, sili ya chini huharibika na maji yataingia kwenye oili.

Ikishalegea, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, tia kijiko cha chai cha oili ndani yake upime tena. Kipimo kikipanda, tatizo ni ringi, na mara nyingi hujirudi baada ya saa chache za kutembea. Kisipopanda, angalia valvu.

Swali: Datsun 1200 yangu inazunguka vizuri kwa stata lakini haishiki. Plagi ni kavu. Petroli ya zamani bado imo kwenye tangi, nusu hivi.

Jibu: Plagi kavu zinaelekeza kwenye petroli, lakini anza na cheche kwa kuwa ni kazi ya dakika chache. Pointi za distributa (vidole vya kukata na kuunga umeme wa cheche) zikikaa muda mrefu hupata utando usiouona kwa macho, na umeme haupiti. Zisugue kwa msasa laini, kisha pitisha kadi safi yenye spiriti katikati yake. Pengo liwe milimita 0.45 hadi 0.55. Shikilia waya wa koili, kwa koleo lenye mpira, milimita 6 kutoka kwenye chuma: cheche iwe ya buluu na iruke kila mara. Ikiwa ya njano na dhaifu, badilisha kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme kinachofanya kazi na pointi, kwanza.

Petroli hiyo usiitumie hata tone. Huharibika ndani ya miezi, sehemu nyepesi zinazowaka haraka hupotea, na kinachobaki hunuka kama vanishi na kuacha gundi ndani ya jeti, vitundu vya kabureta vinavyopima petroli. Chomoa mpira unaotoka kwenye tangi, mpya uunganishe kutoka pampu hadi kwenye kopo lenye lita moja ya petroli safi. Kisha piga stata ukitazama kioo kidogo ubavuni mwa kabureta. Petroli ikipanda hadi alama, pampu ni nzima. Ikipanda na injini bado haishiki, jeti zimeziba: zifungue, ziloweke kwenye dawa ya kabureta, zipulize kwa hewa. Usichokoe kwa waya, jeti ni za shaba na tundu likipanuka kipimo kimepotea.

Kumimina petroli kwenye mdomo wa kabureta wakati stata inapigwa ndiyo njia inayounguza magari mengi. Kizimamoto kiwe mkononi mwa mtu, si kwenye buti.

Tangi lishushwe. Maji ya moto yenye gramu 100 za asidi ya sitriki kwa kila lita, pamoja na mnyororo mwembamba wa kusugulia, kwa siku moja au mbili, huondoa kutu ya kawaida. Suuza kwa maji yenye magadi, kausha siku hiyo hiyo, na usilichomelee kamwe. Mvuke wa petroli hubaki kwenye tangi lililokauka miaka.

Swali: Volkswagen Beetle imewaka, lakini klachi haiachii, gia zinakwaruza. Pedali ya breki nayo inashuka mpaka chini.

Jibu: Breki kwanza. Badilisha sili za mastasilinda na za silinda zote nne za magurudumu, na hozi za mpira hata kama nje zinapendeza. Hozi ya zamani huvimba ndani: presha inapita kwenda, hairudi, na gurudumu linabaki limeshikwa mpaka dramu inaungua. Tia mafuta mapya ya DOT 4, kamwe si oili ya madini, inayovimbisha mpira. (Citroën zinazotumia LHM, ambayo yenyewe ni oili ya madini, ni habari nyingine kabisa.)

Klachi, rekebisha kebo kwanza. Isipoachia, pleti imegandana na flaiwili kwa kutu. Inua magurudumu ya nyuma juu ya stendi imara, zuia ya mbele kwa vigingi, pasha injini moto, izime, weka gia ya nne, uiwashe hivyo hivyo. Kanyaga klachi, kisha breki kwa ghafla. Rudia mara kadhaa, itabanduka.

Swali: Tangu niiwashe injini ya gari langu la zamani, oili kwenye dipstiki inaongezeka badala ya kupungua. Ni kawaida?

Jibu: Hapana, na usiiwashe tena. Nusa dipstiki. Ikinuka petroli, dayaframu ya pampu ya petroli imepasuka, au sindano ya boya kwenye kabureta haifungi, na petroli inashuka kwenye sampu. Oili iliyochanganyika na petroli haiwezi kulinda beringi za krenki. Badilisha pampu au sindano iliyoharibika, mwaga oili hiyo yote pamoja na filta yake, na uipeleke panapokusanywa oili chafu, isimwagwe ardhini.