Jibu: Pango la popo la Lirhanda lilitoka wapi?

Ndugu, hilo pango uliloulizia, ambalo watalii huonyeshwa kwenye kilima cha Lirhanda katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, si la asili. Ni handaki la wachimba dhahabu wa miaka ya 1930.

Dhahabu ilipatikana Kakamega mwaka 1931 na Wazungu wakamiminika, wakiwemo masetla walioumizwa na kuporomoka kwa bei za mazao. Kinachoniuma hasa ni habari ya ardhi. Sheria ya 1930 iliwaahidi wenyeji kwamba ardhi ya rizavu, yaani ile waliyotengewa, ni yao milele, na kipande kikichukuliwa watapewa kingine. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikaigeuza sheria hiyo mbio mbio: pesa zikatosha kuwa fidia, na baraza la wenyeji halikuhitaji kuulizwa. Wazee wetu walidhulumiwa mchana kweupe.

Mgodi mkubwa, Rosterman, ulifungwa 1952. Lakini dhahabu haijaisha. Pita Ikolomani, huko huko Kakamega, uwaone akina mama wakiponda mawe kwa nyundo, na unga wake ukioshwa kwenye karai kwa zebaki, mikono mitupu.

Ukienda Lirhanda pitia kituo cha msitu cha Isecheno, beba tochi, na umwombe anayekuongoza akueleze ya wachimbaji kabla ya popo.