Stelingi Hafi, Lakini Bado Unarudia: Filamu za Mapigano Zinazostahili Kununuliwa

Stelingi hafi. Mtu aliyezoea filamu za mapigano analijua hilo kabla hata jina la filamu halijatokea kwenye skrini, na bado zipo tunazozirudia miaka nenda rudi, roho zikiwa juu juu. Zipo pia tulizozishangilia kwa kelele siku ya kwanza, na mwezi uliofuata hatukumbuki adui alikuwa anatafuta nini. Mimi ni mtu wa kununua filamu na kuzitunza, na swali ninaloulizwa zaidi ni hili: unachaguaje, maana pesa haitoshi na rafu ina mwisho? Nanunua ile ambayo ukishajua mwisho wake ndiyo inazidi kunoga. Filamu inayoishi kwa kukushtua, ukishashtuka imemaliza kazi yake. Iazime, itazame, irudishe.

Chukua Die Hard ya mwaka 1988, iliyoongozwa na John McTiernan. Mwanzoni kabisa, ndani ya ndege, abiria aliyekaa jirani na McClane, polisi ambaye ndiye stelingi, anampa dawa ya uchovu wa safari: ukifika, vua viatu na soksi, tembea juu ya zulia huku ukikunja vidole vya miguu. Mara ya kwanza unaona ni maneno ya kupoteza muda tu. McClane anafika, anajaribu, anaona kweli inasaidia, na hapohapo majambazi wanavamia jengo. Anakimbia peku. Baadaye Hans Gruber, kiongozi wa majambazi, anakutana naye uso kwa uso, anajifanya mateka, na macho yake yanashuka kwenye ile miguu mitupu. Muda si mrefu anaamuru vioo vipigwe risasi. Halafu inakuja ile sehemu ambayo mimi huitazama nikiwa nimekunja vidole vyangu mwenyewe: McClane amekaa bafuni anachomoa vipande vya kioo kwenye nyayo, damu imetapakaa sakafuni, anaongea kwenye redio ya mkononi na polisi aliye chini ambaye hajawahi kumwona sura. Maneno ya yule abiria wa ndegeni ndiyo yamezaa maumivu yote haya.

Na si miguu peke yake. Holly, mke wa McClane, anailaza kifudifudi picha ya familia iliyopo ofisini kwake kwa sababu amemkasirikia mumewe. Hasira hiyo ndiyo inayomlinda, kwa kuwa Gruber anakaa karibu na picha ile kwa muda mrefu bila kujua ni ya nani. Kuna na saa ya mkononi Holly aliyozawadiwa na kampuni, ambayo mfanyakazi mwenzake anaitajataja kwa majigambo. Dakika za mwisho kabisa Gruber anapoangukia nje ya dirisha, ananing'inia kwenye saa hiyohiyo. Ukiitazama filamu hii mara ya pili, vitu hivi vitatu unaviona vikiwekwa mahali pake kimoja baada ya kingine, na kila kinapowekwa unasikia mwili ukikaza. Mtazamaji wa mara ya kwanza hapati raha hiyo, kwa hiyo kurudia kunakupa filamu nyingine kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: kabla hujanunua, jiulize kama filamu imepanda mbegu mapema na kuzivuna baadaye. Kama stelingi anaokolewa na silaha iliyotokea tu mezani dakika ileile alipoihitaji, hakuna cha kurudia hapo.

La pili ni kujua nani yuko wapi. Hapa ndipo filamu nyingi za siku hizi zinaponikosa, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nazipenda filamu hizi kwa moyo wote. Kamera inatikiswa, picha inakatwa kila sekunde, ngumi inarushwa na mtu A na inatua kwa mtu usiyemwona. Unachoka, na uchovu huo si wa hofu. Linganisha na Seven Samurai, ambayo Akira Kurosawa aliitoa mwaka 1954. Kabla ya vita vyenyewe, kiongozi wa samurai, yaani wapiganaji wa Kijapani waliochukuliwa kukilinda kijiji dhidi ya majambazi, anakizunguka kijiji kizima akiwa na ramani. Tunaelezwa wapi patafurika maji, daraja gani litavunjwa, wapi patajengwa uzio, na njia ya kaskazini inaachwa wazi makusudi ili majambazi waingie mmojammoja na wanakijiji wawafungie nyuma kwa mikuki. Kuna hata karatasi yenye viduara, kila kiduara jambazi mmoja, na kila akiuawa mmoja duara linafutwa. Basi mvua inapoanza kunyesha na farasi wanapojaa kwenye tope, wewe mtazamaji hujapotea hata kidogo. Unajua wamebaki wangapi na wanatokea upande gani, na ndiyo maana unaogopa.

Jengo la Die Hard nalo liko hivyohivyo. Kuna ghorofa lenye sherehe, ghorofa ambalo ujenzi haujakwisha, paa, na mashimo ya lifti yanayounganisha vyote. Ukiambiwa McClane yuko juu na mkewe yuko chini, unajua umbali huo una maana gani.

Nisieleweke vibaya: kasi haina ubaya. Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015 ina kasi ya ajabu, imejaa mikato mifupimifupi, na bado kila kitu kinasomeka. Mwongozaji George Miller na mpiga picha John Seale waliweka jambo la muhimu katikati ya fremu karibu kila wakati, kwa hiyo jicho lako halihangaiki kulitafuta picha inapokatwa. Margaret Sixel, aliyeihariri, alipata Oscar kwa kazi hiyo, na kwa maoni yangu ingekuwa dhambi kumnyima.

Kipimo ninachokitumia ni rahisi: zima sauti. Weka pambano kubwa la filamu unayoifikiria, bonyeza rimoti hadi kimya, tazama dakika tano. Ukiweza kumsimulia mtu aliyekaa chumba cha pili nini kinatokea, nani anakaribia kushinda na kwa nini, nunua. Ukishindwa, muziki ndio uliokuwa unakudanganya.

Halafu kuna mwili. Police Story ya mwaka 1985 inaishia ndani ya jengo la maduka, na Jackie Chan, aliyeiongoza na kuigiza mwenyewe, anaruka kutoka juu, anaidaka nguzo iliyozungushiwa taa na kuteleza nayo hadi chini, taa zikipasuka njia nzima. Aliungua viganja. Tukio hilo linaonyeshwa zaidi ya mara moja, kila mara kwa kamera ya pembe tofauti, kana kwamba filamu yenyewe haiamini kilichotokea. Nilimwekea mpwa wangu, kijana wa zama za simu, akaniuliza hiyo sehemu imetengenezwa na kompyuta gani. Nilipomwambia hakuna kompyuta, alinyamaza, akachukua rimoti, akarudisha nyuma. Hajaacha kuazima kwangu filamu za mzee yule tangu siku hiyo.

Simaanishi kwamba mtu lazima aumie ili mimi nifurahi. Ninachotafuta ni uzito, yaani anayeanguka aonekane ameanguka, na aliyepigwa dakika ya 30 bado achechemee dakika ya 60. Hard Boiled ya John Woo, ya mwaka 1992, ina sehemu hospitalini ambapo kamera inawafuata askari wawili kwa zaidi ya dakika mbili na nusu bila kukatwa. Wanapigana kwenye korido, wanaingia kwenye lifti, wanabadilishana maneno machache mazito, mlango unafunguka, wanaendelea kwenye ghorofa nyingine. Ghorofa hiyo "nyingine" ni palepale: wakati waigizaji wako ndani ya lifti, wafanyakazi nje walikuwa wanapanga upya vitu mbiombio. Tangu nilipolijua hilo, nikifika pale natazama mlango wa lifti kuliko waigizaji.

Sikio nalo lina haki yake. Bullitt ya mwaka 1968 ina kufukuzana kwa magari kwa takriban dakika 10 kwenye vilima vya San Francisco. Muziki wa Lalo Schifrin unapanda taratibu wakati magari yanaviziana, na matairi yanapolia tu, muziki unakatika. Kuanzia hapo ni injini, gia na lami. Wenye macho makali watakuambia Volkswagen ya kijani inapitwa mara kadhaa barabarani kama vile ilikuwa inawasubiri, na ni kweli inaonekana. Sijawahi kukutana na mtu aliyeacha kuipenda filamu hii kwa sababu hiyo. Kwenye Heat ya mwaka 1995, mwongozaji Michael Mann alitumia milio ya bunduki iliyorekodiwa palepale mtaani katikati ya Los Angeles, ikigonga kuta za majengo marefu na kurudi. Ukiwa na spika nzuri, kipande hicho peke yake kinalipia diski.

Kuhusu adui sina mengi: awe na akili na awe na sababu. Alan Rickman, aliyemwigiza Gruber, alitoka kwenye michezo ya kuigiza ya jukwaani, na huyo ndiye mhusika wake wa kwanza wa filamu ya sinema. Lakini tazama anavyosikiliza watu wengine wanapoongea. Mtu anayesikiliza hivyo ni hatari.

Sasa tuje kwenye kununua kwenyewe, maana filamu nzuri kwenye toleo bovu ni hasara. Kwanza elewa kwamba ukibonyeza "nunua" kwenye majukwaa mengi ya mtandaoni, unachopata ni ruhusa ya kutazama. Mkataba wa jukwaa na wenye filamu ukiisha, filamu inaweza kuondoka. Inaweza pia kubadilika bila wewe kuambiwa: mwaka 2023 watazamaji waligundua kwamba The French Connection ya mwaka 1971, ilivyokuwa ikionyeshwa kwenye jukwaa moja, ilikuwa imekatwa kipande cha mazungumzo. Diski iliyopo rafuni kwako hakuna wa kuikata.

Ila diski nazo hazilingani. Filamu za zamani zilipigwa kwenye mkanda wa filamu, na mkanda una chembechembe zinazoonekana kwenye picha. Chembe hizo ndizo zinazobeba maelezo ya ngozi, majani na vumbi. Kuna matoleo ambayo waliyoyatengeneza walizifuta kwa kompyuta ili picha ionekane safi. Predator ya mwaka 1987 ilitolewa hivyo kwenye Blu-ray (diski yenye picha kali kuliko DVD) ya mwaka 2010, na nyuso za wale makomandoo zikawa laini kama sanamu za nta, katikati ya msitu wenye joto na jasho! Kabla hujalipa, tafuta picha za kulinganisha matoleo. Mashabiki wengi huzichapisha, na dakika kumi za kusoma zitakuokolea pesa.

Angalia na sauti. The Terminator ya mwaka 1984 iliingia kwenye majumba ya sinema ikiwa na sauti ya mono, yaani ya njia moja tu, na matoleo mengi yaliyofuata yakaja na mchanganyiko mpya ambao milio ya bunduki imebadilishwa. Ukipata toleo lenye sauti zote mbili, chukua hilo. Kwa filamu za Hong Kong, natafuta sauti ya Kikantoni, lugha ya huko, yenye tafsiri ya maandishi, kwa sababu sauti za Kiingereza zilizobandikwa juu yake mara nyingi zinaua utani na hasira vilevile. Na pale ambapo kuna toleo la sinema na toleo refu la mwongozaji, kama Aliens ya mwaka 1986, nunua kifurushi chenye yote mawili. Toleo refu linakupa habari za binti wa Ripley, stelingi wa filamu hiyo, ambazo zinabadilisha kabisa unavyomwona akimkumbatia mtoto anayemkuta huko. Toleo fupi linakimbia vizuri zaidi. Mimi hulirudia refu, na sijashindwa kuwaelewa wanaotaka fupi.

Hakikisha pia mashine yako inasoma diski ya kanda unayonunua, yaani ya eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa. DVD zimegawanywa kwa namba, kuanzia 1 hadi 6, Blu-ray kwa herufi A, B na C, na diski za 4K, zenye picha kali zaidi, hazina mgawanyo huo. Ukiipata, ishike kwa ukingo, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, isimamishe wima mbali na jua.

Vifurushi vya mfululizo mzima viogope kidogo. Ukinunua filamu tano kwa ajili ya moja unayoipenda, nne zitakaa hapo zikikusanya vumbi na kula nafasi ya nyingine nne nzuri.

Kama rafu bado ni tupu na unataka ya kwanza, nakushauri Seven Samurai, hata kama hujazoea filamu za rangi nyeusi na nyeupe. Ina dakika 207, kwa hiyo itengee jioni nzima. Katikati kuna mapumziko yaliyowekwa na mwongozaji mwenyewe. Yatumie kunyoosha miguu, halafu rudi, kwa sababu majambazi bado hawajafika.