Risasi imempata mlinzi kwenye mazoezi ya shabaha: nani anawajibika?

SWALI: Shikamoo wakili. Mdogo wangu ni mlinzi wa kampuni binafsi hapa Mwanza. Mwezi uliopita walipelekwa mazoezi ya kulenga shabaha nje ya Kisesa. Mwenzake alivuta kifyatulio, shotigani ikagoma. Akageuka nayo kumuuliza mwalimu, ikalipuka. Mdogo wangu amepoteza vidole viwili vya mguu. Kampuni inasema ni bahati mbaya, na kwamba wote walisaini fomu ya kutoidai chochote. Ndiyo basi? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Marahaba dada, na umpe pole nyingi mgonjwa. Si ndiyo basi.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kweli humwondolea mtu hatia kwa jambo lililotokea kwa ajali. Ila kinga hiyo haigusi makosa ya uzembe, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Mdogo wako angefariki, tungekuwa tunazungumzia kuua bila kukusudia chini ya kifungu cha 195, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kwa kuwa amejeruhiwa, yapo makosa ya kuumiza kwa uzembe. Nani ashtakiwe, hilo ni la polisi na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, si la meneja wa kampuni.

Uzito wa habari yako uko kwenye neno “akageuka”. Silaha ikigoma, mdomo wake unabaki kwenye shabaha. Kidole kinatoka kwenye kifyatulio, mtu anasubiri angalau nusu dakika kwa sababu baruti inaweza kuchelewa kushika moto, kisha anainua mkono mwalimu amfuate alipo. Na asije mtu akakwambia “usalama ulikuwa umefungwa”, yaani kitufe cha kuzuia bunduki isilie. Kwenye shotigani nyingi kitufe hicho huzuia kifyatulio tu. Bunduki iliyochakaa ikigongwa au ikianguka inaweza kulia hivyohivyo.

Hata hivyo, mimi nisingeanza na huyo kijana aliyegeuka na silaha. Ningeanza na mwalimu. Sheria inamtwika anayesimamia kitu cha hatari wajibu wa kuhakikisha hakidhuru mtu. Alikuwa anasimamia wapigaji wangapi kwa mara moja? Aliwafundisha la kufanya silaha ikigoma, kabla ya kuwapa risasi? Na mdogo wako alikuwa anafanya nini mbele au pembeni ya mstari wa kupigia wakati wenzake wameshika silaha zenye risasi? Mwaka 2014 huko Arizona, Marekani, mtoto wa miaka 9 alipewa bunduki ndogo ya rashasha iitwayo Uzi, iliyowekwa kumimina risasi mfululizo. Ikamshinda nguvu, ikapanda juu, ikamuua mwalimu aliyesimama ubavuni pake. Hakuna aliyeshtakiwa, mamlaka za kule ziliichukulia kuwa ajali ya kazini. Lakini yeyote anayejua silaha anaona kosa lilifanyika kabla ya risasi ya kwanza, pale mtoto alipokabidhiwa kitu asichokimudu.

Kagueni pia kiwanja chenyewe. Huku kwetu watu hupenda kulengea kwenye majabali wakidhani jiwe ni kinga. Jabali linarudisha risasi, na hujui itaelekea wapi. Ukuta wa nyuma unatakiwa uwe kilima cha udongo laini. Kuelekea ziwani ndiyo balaa zaidi: risasi ikigusa maji kwa pembe ndogo inaruka na kuendelea, na risasi ya bunduki ndogo kabisa inaweza kuvuka kilomita moja, walipo wavuvi wa dagaa.

Sasa kampuni. Mwajiri hubeba uzembe wa mfanyakazi wake uliotokea kazini, na mazoezi aliyoyaamuru yeye ni kazi. Fomu isiwatishe. Mkataba unaopingana na maslahi ya umma ni batili chini ya kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba, na kukubali hatari ya kawaida ya mazoezi si kukubali uzembe wa mtu mwingine. Pelekeni taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kabla miezi 12 haijaisha. Mfuko hauulizi nani mzembe. Unauliza kama ameumia akiwa kazini. Shauri la madhara mahakamani lina ukomo wa miaka 3 tangu tukio, basi msisubiri ahadi za “tutalimaliza kifamilia”.

Wiki hii hakikisheni mna nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, na taarifa ya daktari. Andikeni majina ya waliokuwepo kabla hawajahamishiwa malindo ya mbali. Ulizeni kituoni kama ile shotigani imechukuliwa kama kielelezo. Kama bado iko ghala la kampuni, ombeni kwa barua ichukuliwe na ikaguliwe na mtaalamu wa silaha wa polisi, kabla fundi hajaigusa.